Majani Niliyoulizwa Mara Mbili

Mpaka leo nikiukumbuka mwezi ule nakasirika upya, na sioni haya kusema hivyo. Wanawake wenzangu wa jumuiya wanasema uzee unapoza moyo. Wangu haujapoa. Mwezi ule mjukuu wangu aliandika kitabu chake cha masta ya kompyuta ndani ya nyumba yangu, hapa Umatengoni, juu ya meza ninayokatia mboga, na nusura kisiandikike kwa sababu yangu. Kwa sababu yangu na ya mwalimu wake. Nitasema sehemu ya kila mtu, wala yangu sitaipunguza.

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu wa pili. Amekulia mjini kwa baba yake, naye mwenyewe sasa ni mwalimu wa sekondari mkoa mwingine. Serikali ilimpa ruhusa ya kwenda kusoma, na ruhusa ina mwisho wake. Alifika kwangu kahawa imeanza kuiva, na begi la nguo dogo kuliko begi la kompyuta.

“Bibi, nimebakiza utafiti na kuandika,” akaniambia. “Mwisho wa mwezi ujao nisipokabidhi tasnifu, ruhusa imekwisha. Narudi kazini mikono mitupu. Waliniongezea muda mara moja nilipojifungua, hawaongezi tena.”

“Hiyo tasnifu ndiyo nini?”

“Ni kitabu. Unaandika kitu ulichokitafuta mwenyewe, na unaonyesha kwamba ni kweli.”

“Na wewe unatafuta nini kwangu?”

Akasema anatengeneza programu ya simu. Mkulima anapiga picha jani la kahawa, simu inamwambia jani linaumwa nini. Nilicheka mpaka nikashika kiuno.

“Mke mwenzangu! Umekaa chuo miaka yote hiyo ili simu ijue ninachokijua mimi?”

“Ndiyo, bibi,” akajibu bila kuona aibu. “Simu haijui kitu mpaka ifundishwe. Inafundishwa kwa picha nyingi sana, na kila picha lazima mtu anayejua aseme, hili ni kutu, hili lina njaa, hili zima. Mtu huyo ni wewe.”

Nilifurahi. Naliandika hili makusudi, kwa sababu baadaye nilifanya kama sikuwahi kufurahi.

Mimi si Mmatengo. Nilizaliwa chini ziwani, upande wa Liuli, kwa watu wa samaki. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa huku milimani nikiwa sijawahi kushika mti wa kahawa. Aliyenifundisha ni mama mkwe. Alinifundisha kuchimba ngoro, yale mashimo tunayoyapanga mlimani ili mvua isishuke na shamba letu, na alinifundisha kahawa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ananipa ungo wa kahawa kavu nichambue, nitoe zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Nikimaliza nampelekea. Akiridhika anamimina guniani. Asiporidhika anaurudisha ungo mapajani mwangu, hasemi neno, anaendelea na yake. Ungo ukirudi maana yake umekosea, na kosa ulitafute mwenyewe. Wake wote wa kilima kile waliishi hivyo na wakwe zao. Nami niliwalea binti zangu na wakamwana zangu hivyohivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ungo umerudi kwa nini.

Mjukuu huyu hakuwahi kuchambua kahawa kwangu. Hilo sikulifikiria.

Tulianza kazi. Asubuhi tulikuwa shambani, yeye na simu, mimi na fimbo. Tuligombana siku ya kwanza tu, kwa sababu alikuwa anapiga picha upande wa juu wa jani tu na kupita.

“Geuza jani!”

“Bibi, doa linaonekana huku juu.”

“Huku juu unaona umanjano, na njaa ya mbolea nayo ni umanjano. Kutu inakaa chini. Geuza. Pitisha kidole. Umeona huo unga wa rangi ya chungwa? Ndiyo kutu. Isiyoacha unga siyo.”

Akapitisha kidole, akakitazama, akaandika. Lakini kwenye simu alibaki na picha za juu, kwa sababu alisema wakulima wengi watapiga juu. Jirani yangu akapita na kikapu, akasimama njiani. “Mama, leo jani gani linaolewa? Mbona kamera tangu asubuhi?” Nikamwambia apite, harusi haijamwalika.

Baada ya chakula cha mchana tulikaa mezani, yeye anafungua picha, mimi nasema, yeye anabonyeza. Kutu. Njaa. Hili limechimbwa na funza ndani kwa ndani. Hili lina doa lenye jicho. Hili zima. Kuna moja nikasema lina kutu na njaa pamoja.

“Chagua moja, bibi.”

“Kwa nini nichague?”

“Programu inapokea ugonjwa mmoja kwa kila jani.”

“Basi programu yako haijawahi kuumwa.”

Alicheka, lakini alinisubiri nichague, nikachagua. Hapo ndipo nilipopaswa kuanza kuitilia mashaka kazi yenyewe.

Wiki ya pili alikuja mezani na fungu jipya la picha. Alisema ni jipya. Jani la tatu tu nikalijua. Watu wa mjini wanadhani majani yote yanafanana. Lile lilikuwa limeliwa na mdudu pembeni, limebaki na umbo kama figo, na nililisemea njaa siku nne zilizopita. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anaitazama kompyuta.

“Hili si uliniletea?”

“Wewe sema unachokiona tu, bibi.”

Lililofuata nalo nilikuwa nalijua. Na lililofuata.

Nina zaidi ya miaka sabini. Mama mkwe amelala kaburini muda mrefu. Lakini siku ile niliusikia ungo ule ukitua mapajani. Kwanza niliona aibu, kweli kabisa, nikaanza kulitafuta kosa langu. Nikajiambia labda macho, labda lile la figo lilikuwa kutu changa na mimi nikasema njaa. Nikabadilisha. Nikabadilisha na lingine. Kisha aibu ikaisha ikaja hasira, kwa sababu mtoto mwenyewe hasemi, amekaa kimya na mikono yake laini, ananirudishia kazi yangu kama mkwe mbele ya bi harusi mgeni. Toka hapo sikuwa natazama tena. Kama njaa hukuitaka, haya, chukua kutu. Kama kutu hukuitaka, chukua jicho. Nilijibu fungu zima hivyo, nikainuka kwenda kupalilia viazi ambavyo havikuhitaji kupaliliwa.

Picha zilezile alikwishampelekea bwana shamba wa kata yetu, kijana mgeni aliyepangiwa huku kutoka mkoa wa mbali. Yeye naye alizijibu mara mbili. Kisha mjukuu wangu akapanda kule juu kwenye jiwe ambako simu hushika mtandao, akatuma kila kitu kwa mwalimu wake, yule wanayemwita msimamizi.

Siku iliyofuata alikuja jikoni, akasimama mlangoni. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi.

“Bibi, kwa nini ulibadilisha majibu?”

“Na wewe kwa nini uliyarudisha?”

“Kilikuwa kipimo.”

“Kipimo cha nani?”

“Chako. Mtu anaonyeshwa picha zilezile mara mbili, zimechanganywa, ili tuone kama anajibu sawasawa. Msimamizi alisema usiambiwe.”

“Kwa hiyo ulinitega.”

“Sikukutega, bibi. Ndiyo utaratibu.”

“Mtego wa panya nao una utaratibu.”

Akakaa chini pale pale kizingitini. Akanieleza kwamba msimamizi amesema majibu yangu hayaaminiki. Yote, hata ya kwanza. Ayatupe, atumie ya bwana shamba, maana bwana shamba amejibu sawa mara zote mbili.

“Alijibu nini?”

Akajitia kufuta vumbi kizingitini.

“Nimekuuliza, alijibu nini?”

“Kutu.”

“Majani yote?”

“Mengi, bibi.”

Sijui kama nimewahi kukasirika vile tangu nizaliwe. Mtu akisema kutu kwa kila jani, atajipinga lini? Mbuzi wangu akiulizwa mara mia atajibu mee mara mia, naye wampe kazi. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba amejifunza kuuliza mashine akasahau kuuliza mtu. Nikamwambia amenivua nguo mbele ya mwanamume asiyenijua. Nikamwambia na kitabu chake akaandike kutu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kitaaminika. Alilia. Sikumnyamazisha. Nilifunga khanga mbili kwenye mfuko, nikashuka ziwani kwa mdogo wangu, nikamwacha na kompyuta yake na siku kumi na mbili zilizobaki.

Mdogo wangu anaanika dagaa. Aliniona nateremka kwenye mchanga, hakuinua hata mkono kutoka kwenye kichanja.

“Shikamoo, dada. Umekuja kusalimia au umekimbia?”

“Marahaba. Nimekuja kusalimia.”

“Na mfuko mmoja? Bila hata kahawa ya mgeni? Umekimbia. Kaa upande ule, geuza hao wa mwisho.”

Nikageuza dagaa siku nzima. Siku ya pili alikuja mama mmoja mnunuzi. Akatumbukiza mkono guniani mpaka kwenye bega, akatoa dagaa wa chini, akawavunja, akawanusa. Akataka limiminwe. Likamiminwa. Akapekua, likarudishwa, akaenda gunia la pili, kisha, Mungu wangu, akarudi kwenye lile la kwanza akataka limiminwe tena. Mimi ningemfukuza kwa ufagio. Mdogo wangu alimimina huku anamsimulia habari za ng'ombe aliyeingia kanisani.

Alipoondoka nikauliza, “Wewe hukasiriki?”

“Nikasirike nini?”

“Amepekua gunia moja mara mbili. Amekuita mwongo.”

“Anatafuta mchanga. Mchanga haumo. Akitafuta hapo hata mara kumi anachoka yeye, si mimi.” Akanitazama. “Sasa niambie kilichokuleta.”

Nikamwambia yote, la figo, ungo, bwana shamba, mtoto aliyelia kizingitini. Nilipofika pale nilipoanza kubadilisha majibu, alianza kucheka. Alicheka kwa kujipigapiga paja, mzee mwenye wajukuu.

“Kwa hiyo alipokuja kutafuta mchanga, dada, ukamtilia mwenyewe?”

Nilimkasirikia na yeye. Mchana ule sikugusa ugali wake. Lakini asubuhi yake nikafunga khanga zangu.

Sikupitiliza nyumbani. Nilipitia kwanza kwa bwana shamba. Nilimkuta nje ya ofisi yake anafunga mnyororo wa pikipiki, akasimama haraka akafuta mikono.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyesema shamba langu zima ni kutu?”

Akainama kama mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kumsema mpaka jua lizame, lakini akaniwahi.

“Bibi, mimi nimesomea mifugo.”

“Mifugo?”

“Ng'ombe, bibi. Kwetu hakuna hata mti mmoja wa kahawa. Kata haina mtu wa kilimo, nakaimu mimi. Barua ya chuo ilisema afisa ugani, na afisa ugani ni mimi. Nikajibu ule ugonjwa ninaoujua jina.”

“Na mara ya pili?”

“Mara ya pili nikajibu kama mara ya kwanza. Ningefanyaje?”

Nilitaka kuendelea kukasirika, lakini kijana mwenyewe ndiye mtu wa kwanza katika jambo lile aliyesema ukweli bila kubanwa. Nikamuuliza kama atayasema hayo kwa msimamizi. Akasema atayasema, na kwa kweli alipiga simu siku ileile.

Nyumbani nilimkuta mjukuu wangu mezani. Hakuwa ameandika kutu. Hakuwa ameandika kitu. Majibu ya bwana shamba alikuwa ameyafungua na kuyafunga siku zote hizo, hakuweza kuyatumia kwa sababu alikuwa amepitisha kidole chake mwenyewe chini ya majani. Alisema hivyo bila kuniangalia. Siku tisa zilikuwa zimebaki.

Nikamwambia habari ya ungo. Alikuwa hajawahi kuisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kichwa mezani, sikujua kama analia au anacheka, nadhani yote mawili, na hapo sikumlazimisha achague moja.

“Mengine nilibadilisha kwa kutafuta kosa,” nikamwambia. “Mengi nilibadilisha kwa hasira. Mpigie huyo mtu. Nitamwambia mwenyewe.”

Tulipanda wote kwenye mtandao, kwenye jiwe lile ambapo kila mtu wa kitongoji ameacha siri zake. Akaweka simu kwa sauti.

“Shikamoo, bibi,” akasema msimamizi. Sauti ya mtu mzima, ya kiungwana.

“Marahaba. Wewe ndiye uliyesema nisiambiwe?”

“Ndiye mimi, bibi. Mtu akijua anapimwa, anajitahidi kukumbuka jibu lake badala ya kutazama jani.”

“Nami nisipoambiwa nikadhani nimekosea, nikabadilisha yaliyokuwa sawa. Na nilipochoka kudhani nikakujibu kwa hasira. Hilo ni kosa langu, liandike. Lakini la kwanza ni lako. Ulinipima kabla hujaniuliza kwetu kuulizwa mara mbili maana yake ni nini.”

“Ni kweli, bibi, sikuuliza,” akasema.

“Na wewe nani anakupima?” nikauliza.

Akacheka kidogo. “Wapo, bibi. Hata kitabu cha mjukuu wako kitasomwa na mtu wa chuo kingine, asiyenipenda.”

“Ashukuriwe huyo mtu.”

Tukakubaliana. Picha mpya, kila jani juu na chini. Majani yenye magonjwa mawili yaandikwe mawili. Nitaambiwa kwamba baadhi yatarudi, nisiambiwe yapi. Na yaliyotokea yaandikwe kwenye tasnifu yalivyotokea. Hilo la mwisho alilitaka yeye mwenyewe, na mjukuu wangu akashtuka kuliko mimi.

Tulifanya kazi siku tano. Yaliporudi nilijua yamerudi, siwezi kusema sikujua, na kila lilipotua mbele yangu damu ilinipanda vilevile. Ila sikuyajibu kwa kukumbuka. Nilitazama picha ya juu, nikatazama ya chini, nikasema nilichokiona. Mjukuu wangu alipomaliza kuhesabu akaniambia, “Bibi, umejibu sawa karibu yote.”

“Karibu?”

“Mawili tu umetofautiana.”

“Yalete.”

Akayaleta. Nilikuwa nimekosea kweli, yote mawili, na nilimwambia hivyo.

Siku nne za mwisho aliandika. Mimi nilikatia mboga uani, chini, mgongo ukiniuma, nikiwafukuza kuku wasimsumbue, na kila aliyekuja kumsalimia nilimgeuza njiani. Alikabidhi siku ya mwisho kabisa, kutoka kwenye lile jiwe, ameshika kompyuta juu kama mtu anayembatiza mtoto. Wakaipokea. Yuko kazini kwake sasa, na masta yake.

Simu yenyewe bado inakosea. Kutu inaijua. Njaa inabahatisha. Bwana shamba anaitumia, na akiwa hana hakika anakuja kuniuliza, na siku hizi anageuza jani kabla hajafungua mdomo.

Sikukuu iliyopita mjukuu wangu aliniletea kitabu, kizito, kina jalada gumu, chote Kiingereza. Nikamwambia anionyeshe jina langu. Akasema halipo, nimeandikwa Mshiriki wa Kwanza.

“Kwa nini sina jina?”

“Ni utaratibu, bibi. Wa kumlinda mtu.”

“Nilindwe dhidi ya nani? Ya wale niliowakasirikia?”

Akaufungua ukurasa wenye habari yangu, akanisomea kwa Kiswahili taratibu. Kwamba Mshiriki wa Kwanza alibadilisha majibu. Kwamba kwa wachambuzi wa kahawa wa eneo hilo, kazi ikirudishwa bila maelezo maana yake imekosewa, na mtafiti hakulijua hilo, na alipaswa kuliuliza. Kwamba mshiriki alikasirika. Hasira yangu imo ndani ya kitabu cha chuo, kwa Kiingereza, itasomwa na watu nisiowajua, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilimwambia hivyo. Akasema, “Uliruhusu, bibi. Pale kwenye jiwe.”

Nikamwambia afunge kitabu. Akafunga. Kisha nikamwambia akifungue pale pale, anisomee tena.

Akanitazama. Alijua ninachofanya. Akasoma upya tangu mwanzo, na nilikuwa nasikiliza neno kwa neno, na hakubadilisha kitu.